Poda Kichwani mwa Uwingabire

Mwalimu Emérita alikuwa na ulimi ambao wazazi wa kilimani waliuogopa kuliko mvua ya mawe. Subira pia alikuwa nayo, ila wao hawakuwahi kuiona, kwa sababu aliitumia yote darasani. Alifundisha mwaka wa tatu katika shule ya msingi juu ya mlima mmoja wa Masisi, shule ambayo haitatajwa hapa kwa kuwa direkta wake anapenda kutajwa kupita kiasi. Mbao za ukuta wa darasa lake zilikuwa zimeachana, hivyo ukungu uliingia asubuhi, ukakaa dawati la mbele, na haukuwahi kuchelewa. Watoto walibanana wanne kwenye benchi la wawili. Wageni walipokuja kutembelea waliambiwa kwamba hali inaendelea vizuri, wakaandika hivyo, wakaenda kula.

Ujana wake Emérita aliumalizia upande wa Walikale, kwenye machimbo ya dhahabu ya Omate. Wazazi wake, wakulima wa maharagi na Wakristo wa kila Jumapili, walimlilia siku anaondoka, naye akawaambia kwamba hata watoto wa wachimbaji wana haki ya kujua kuandika majina yao. Hilo alikuwa amelisoma mahali. Omate ikamfundisha mengine. Alijifunza jinsi darasa linavyokufa: mtoto anakosa Jumatatu, anarudi na viatu vipya, kisha harudi tena. Aliwafuata wavulana hadi mdomoni mwa mashimo, na wachimbaji wakamcheka, wakimwomba alete chaki wapasulie nayo mwamba. Wasichana waliishia kwa mama wapishi. Walipeleka sahani kwa wanaume waliotoka chini ya ardhi na njaa ya kila namna, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza habari zao. Aliichukia Omate hadi kwenye mifupa. Aliondoka mwaka ambao darasa lake lilikuwa na mabenchi mengi kuliko watoto, akarudi Masisi kwenye ukungu na viazi, akaapa kwamba mtoto wake yeyote wa darasani hatapelekwa kule huku yeye anaangalia.

Basi ilikuwa lazima Uwingabire aingie darasani mwake.

Uwingabire alikuwa binti wa Habineza na Pétronille, watu wa shamba lililoinama hivi kwamba viazi vikichimbwa juu vinajivingirisha vyenyewe hadi nyumbani. Mtoto alikuwa ameurudia mwaka wa pili, na sasa alikuwa anajiandaa kuurudia wa tatu. Herufi zilimkataa. Ukimwandikia neno ubaoni, alilitazama kwa heshima kubwa, kama mgeni ambaye lugha yake huijui, kisha akatazama chini. Lakini Jumapili, misa ikiisha, watu waliokuwa wamelala wakati wa matangazo walimtafuta yeye. Alisimama nje ya kanisa na kuyarudia yote, ndoa zinazotangazwa, mbegu zilizofika, ng'ombe aliyepotea na rangi yake, hadi kikohozi cha katekista mahali pake hasa. Watu walicheka, wakamshukuru, wakaenda zao wakisema ni huruma mtoto yule hana akili.

Babake alikuwa mtu wa maneno machache, na yote yalikuwa yameshaamuliwa. Alimwambia Emérita barabarani, bila hasira yoyote:

"Mwalimu, mwaka huu ukiisha, Uwingabire ataenda Omate kwa dada yangu. Iko anapikia bachimbaji. Mutoto hajui kusoma, lakini anajua kubeba sahani."

"Papa Habineza, ngoja kwanza."

"Nimengoja miaka mingi, Mwalimu. Maharagi yenyewe hainingojeshe vile."

Emérita akahesabu miezi kwa vidole njia nzima ya kurudi nyumbani. Mwaka wa shule ulikuwa umefika katikati.

Ndipo ulipoingia mradi wa kupima watoto. Uliingia kwa mlango wa Papa Callixte, mwanasaikolojia kutoka Goma, kijana mpole mwenye miwani na buti ambazo hazijawahi kuona tope, kasoro ambayo Masisi iliirekebisha siku ya kwanza. Kila shule ilitakiwa kupeleka direkta na mwalimu mmoja kwenye mafunzo mjini Walikale. Direkta Barthélemy alihudhuria ufunguzi, akapokea kofia, akaenda kusalimia ndugu, akarudi siku ya mwisho kwa ajili ya picha, ambamo amesimama katikati. Emérita ndiye aliyekaa na kusikiliza.

Na jambo lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa zuri. Kila mtoto angepimwa kwa njia mbili. Kwanza akili yake: anakumbuka nini, anapangaje maumbo, anashika vipi anachosikia. Kisha masomo yake: anasoma nini, anahesabu vipi. Vikilinganishwa, mwalimu angeona mtoto anakwama wapi na ana nguvu wapi, apate pa kumshikia. Kwa kila mtoto kungetoka ukurasa mmoja wa maelezo na, kwa shule nzima, karatasi moja yenye majina na hesabu za shida. Hesabu ikiwa kubwa, mtoto anahitaji msaada mkubwa. Wenye hesabu kubwa wangekaa mchana katika kikundi kidogo na mwalimu wao, wakiwa na vifaa vya mradi.

"Hii si mashindano," alisema Callixte. "Musiitangaze mbele ya bantu. Ni ya kupangia msaada tu."

Madirekta waliokuwepo wakatikisa vichwa vyote kwa pamoja. Kutikisa kichwa kwenye semina ni ujuzi ambao haukosi mtu kilimani wala msituni.

Watoto walipimwa. Uwingabire alipoletwa mbele ya Callixte na saa yake, alikataa kuanza hadi wasalimiane vizuri, akamuuliza Callixte habari za mama yake, na muda ukawa unakwenda. Wiki chache baadaye karatasi za matokeo zikafika kwa pikipiki, ndani ya bahasha, mikononi mwa direkta.

Sasa, mtu asiyejua shule za kwetu hataelewa kilichofuata, kwa hiyo aelezwe. Matokeo hayatolewi kwetu, hutangazwa. Kuna siku ya proklamasio. Wazazi hujaa uwanjani, direkta husimama kwenye kiti, huyataja majina kwa mpangilio, na mtoto aliyefanya vizuri humwagiwa poda kichwani, ile poda nyeupe ya watoto wachanga, hadi anakohoa. Kina mama huja nayo imefungwa kwenye pindo la kikwembe walichojifunga. Ambaye mtoto wake ameanguka hurudi nayo nyumbani akiificha. Matokeo yasiyo na poda, kwa mtu wa kilimani, ni uvumi tu. Na Direkta Barthélemy aliishi kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa na koti lake maalumu la proklamasio na sauti yake maalumu, ambayo miezi mingine aliihifadhi.

Emérita alimkuta ofisini akiwa na mkasi. Ukutani nje kulikuwa na sanduku la kioo la kubandikia matangazo, ambalo shule zetu huliita valvu, na karatasi ya mradi ilikuwa ndefu kuliko valvu. Direkta alikuwa ameshalitatua tatizo hilo kwa kukata sehemu ya juu. Kipande kilikuwa sakafuni. Emérita akakiokota, akasoma yaliyokuwa yameandikwa juu yake kwa Kiswahili kizuri cha mjini: Kadiri hesabu inavyopanda, ndivyo mtoto anavyohitaji msaada zaidi. Isisomwe mbele ya watu.

"Direkta, umekata maana yote."

"Nimekata pembeni tu, Mama. Majina iko yote."

"Hizi si pointi za kushinda. Mwenye mingi njo mwenye shida."

Direkta akaweka mkasi chini, akamtazama kwa huruma ya mtu aliyevaa kofia ya semina. "Mama Emérita. Nimefanya proklamasio tangu ungali unakojoa kitandani. Pointi ni pointi. Muntu akipata mingi, iko wa kwanza. Wazungu banaweza leta kipimo ya kumupa mujinga mingi? Ju ya nini?"

Emérita akafikiri kwamba kesho, mbele ya watu, atasimama na kusema. Akakitia kile kipande katika kitabu chake cha maandalizi, akaenda nyumbani.

Kesho yake uwanja ulijaa. Mbele ya wote alikaa Mama Mbambu, mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, mwenye duka kubwa na lori mbili, Mkatoliki wa benchi la kwanza. Mwanawe Eugène alikuwa wa kwanza tangu alipoanza kutambaa, na mamake alikuwa amekuja na kopo zima la poda, si pindo la kikwembe. Direkta alianza na wa mwisho ili mioyo ya watu idunde.

"Wa mwisho kabisa, na apige magoti nyumbani aombe Mungu: Eugène!"

Vichwa vyote vikageukia mbele. Hata kuku walisimama. Mama Mbambu akainuka polepole na kopo lake mkononi.

"Eugène gani?"

"Wako, Mama."

"Ule anasomaka mpaka karatasi ya sabuni? Ule njo anapigaka hesabu ya duka yangu? Barthélemy, umekunywa nini?"

Direkta akanyoosha kidole kwenye karatasi. Hesabu ilikuwa pale, ndogo, ya kusikitisha. Mama Mbambu akatoka uwanjani na poda yake, na watu kadhaa ambao alikuwa amewahi kuwakatalia mkopo wa sukari waligundua siku ile kwamba Mungu yupo. Majina yakaendelea kupanda. Watoto ambao hawakuwahi kutajwa mahali popote isipokuwa kwenye adhabu walianza kuitwa kwa utukufu, wakija mbele wakitazama nyuma, kuona anayeitwa ni nani. Emérita alikuwa ameshaanza kupenya katikati ya watu, mkono juu, mdomo umeshafunguka.

"Na wa kwanza wa shule nzima!" alipaza Direkta. "Mwenye pointi kupita bote! Uwingabire wa Habineza!"

Pétronille alipiga kelele kana kwamba amechomwa. Hakuwa na poda. Hakuwahi kuja nayo siku yoyote, kwa nini ajisumbue? Wanawake wakafungua vikwembe vyao, wakamwaga zao, na mtoto akawa mweupe kichwa hadi mabega, macho mawili tu yakibaki meusi katikati. Hakucheka. Alikuwa anamtafuta mtu wa kumuuliza kama ni kweli. Habineza akapita katikati, mtu yule wa maneno machache, akamshika binti yake kichwani kwa mikono yote miwili, poda ikamchafua koti, akageukia watu.

"Mumemuona?" akasema. "Huyu haendi Omate."

Emérita alisimama pale mkono ukiwa bado juu. Kisha akaushusha, akajifanya alikuwa anajikuna shingo, akakaa. Moyo ulimuuma na ukafurahi papo hapo, akajichukia kwa vyote viwili.

Uwingabire hakuosha kichwa hadi Jumapili. Shule nayo ikapanga msaada kufuatana na matokeo, kama mradi ulivyoelekeza. Walioshika mkia walitiwa katika kikundi cha mchana, kwa Emérita, wapewe vifuniko vya soda vilivyoandikwa herufi na kufundishwa kwa upole kwamba b na a ni ba. Eugène alivipanga vifuniko vile akaandika kwavyo sentensi nzima ya kumlalamikia Mungu, kisha akarekebisha alama za uandishi. Wa kwanza walipandishwa mwaka wa nne kabla ya wakati, wakae mbele. Huko Uwingabire alisikiliza somo mara moja na kulirudia lote, hata miguno ya mwalimu, na mwalimu akaandika kwamba mtoto anasoma vizuri sana. Kitabu kilipofunguliwa ukurasa mpya, alipata ruhusa ya kwenda chooni. Alienda chooni mara nyingi hivi kwamba Pétronille alipelekewa dawa ya minyoo.

Siku moja alimngoja Emérita nyuma ya darasa.

"Mwalimu, niko natokaka jasho."

"Wapi?"

"Mikononi. Kitabu inakuwa na maji." Akatazama vidole vyake. "Usiambie Papa."

Emérita hakumwambia Papa. Alingoja Callixte.

Callixte alikuja kukagua, akapelekwa na Direkta moja kwa moja kwenye kikundi cha mchana, kile cha watoto wenye shida. Akampa mmoja kitabu. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kupumua. Akampa mwingine, akasoma na kueleza. Eugène alimsomea maandishi yaliyokuwa kwenye begi lake, kwenye kofia yake, na kwenye chupa yake ya dawa, pamoja na onyo. Mwanasaikolojia akavua miwani. Katika majuma machache tu! Akapiga picha, akashika mkono wa Direkta kwa muda mrefu, na Direkta akasema kwamba ni kujituma tu.

Emérita alimfuata hadi kwenye pikipiki, akamwambia yote, kuanzia mkasi. Callixte alisikiliza, akifuta miwani.

"Mama," akasema mwishowe, "nimeisha tuma ripoti kwa simu. Hapa uwanjani, vile network ilikuwa nzuri."

"Utume ingine."

"Beko bamefurahi sana kule."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mkataba. Lakini alifungua begi, akatafuta katika karatasi zake, akamtolea Emérita ule ukurasa wa maelezo wa Uwingabire, ambao Direkta hakuwahi kuugawa kwa sababu ulikuwa na maneno tu. Kisha akapanda pikipiki, akaondoka na mafanikio yake.

Emérita aliusoma akiwa amesimama njiani. Mtoto huyu, ulisema, anashika anachosikia kuliko karibu wenzake wote. Akili yake ya kupanga na kufikiri iko sawa, pengine zaidi ya sawa. Anapokwama ni sehemu moja: kuunganisha sauti na herufi. Asifundishwe kwa kukariri ubao. Afundishwe sauti chache kwa wakati, aziandike kwa kidole, na asomeshwe maneno ambayo yeye mwenyewe ameyasema. Emérita akaona aibu. Miezi yote ile alikuwa amemwandikia ubaoni, kwa subira yake yote, mtoto mwenye masikio yale.

Basi angemfundisha vipi? Kusema ukweli kulimaanisha Omate. Kunyamaza kulimaanisha jasho hadi kitabu kioze. Alitembea hadi kwa Mama Mbambu, akanunua sabuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kule kwenye shule ya Ntoto nasikia ni bale ba kwanza njo banakaa na vifaa ya projet. Banaitaka classe d'honneur. Ba mwisho banaachwa tu na masomo ya kawaida."

Mama Mbambu akaacha kupima chumvi. "Eugène wangu anaweza tolewa kwa vile vifuniko?"

"Mimi sijui, Mama. Direkta njo anajua."

Direkta Barthélemy alitembelewa na Mama Mbambu mchana uleule. Kelele zilisikika hadi bondeni. Asubuhi iliyofuata alitangaza kwamba, baada ya tafakari yake ya kina, ameanzisha darasa la heshima, jambo la kwanza la aina yake katika eneo lote. Watoto wa kwanza wa shule watakaa mchana na Mwalimu Emérita, na hao tu ndio wataruhusiwa kugusa vifuniko vya soda. Ntoto, ambako hakujawahi kuwa na kitu kama hicho, iliambiwa baadaye na kukianzisha pia. Wazazi wa darasa la heshima walipita dirishani kusikia wana wao wakisema ba, be, bi, wakatikisa vichwa kwa kustaajabia elimu ya juu ilivyo ngumu.

Uwingabire alifundishwa kama ule ukurasa ulivyosema. Emérita alimwambia arudie matangazo ya Jumapili, akayaandika neno kwa neno, akampa ayasome. Mtoto aliyatazama kwa mashaka.

"Hii njo mdomo yangu?"

"Njo mdomo yako. Ng'ombe ya Papa nani ilipoteaka?"

Akatafuta kwa kidole, akanusa neno hadi akalipata. Siku hiyo alipata ng'ombe. Nyingine hakupata chochote, akalia, na Emérita akamwambia kwa ulimi wake uleule kwamba machozi yanafuta chaki, alie pembeni. Walichora herufi kwenye udongo mkavu chini ya paa la nyuma, na mvua ilipokuja walichora kwenye unga wa mihogo. Hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na mtoto anayerudi kila mchana, na b iliyoanza kukaa upande mmoja.

Kisha Habineza, kwa furaha yake, akakaribia kuharibu kila kitu. Aliwaambia watu wa parokia kwamba kama shule ina wa kwanza, kanisa linangoja nini? Sikukuu ikawa inakaribia, na Uwingabire akapewa asome somo la kwanza, mbele ya mlima mzima. Dada yake Habineza naye angekuja kutoka Omate kwa ajili ya sikukuu. Alikuwa bado anataka msichana wa sahani.

Emérita alipata karatasi ya somo. Njia rahisi ilikuwa wazi. Angemsomea mara moja, mara mbili, na mtoto angelitoa lote bila kukosa, macho kwenye karatasi kwa ajili ya heshima. Nani angejua? Akamwambia hivyo Uwingabire mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anaogopa kuliko mtoto.

"Nikusomee? Utalishika tu."

Uwingabire akafikiri. "Kama nimelishika, nitakuwa nimesoma?"

"Hapana."

"Basi usinisomee."

Sikukuu ilifika. Shangazi kutoka Omate alikaa mbele, mikono mizito kwenye mapaja. Uwingabire alipanda, akaweka kidole kwenye karatasi, akaanza. Alisoma polepole kiasi cha kuchosha. Alikwama, akarudi nyuma, akalitamka neno vipande vipande, akaendelea. Watu waliozoea kumsikia akitiririka baada ya misa walianza kutazamana. Mama Mbambu alikohoa. Eugène, benchi la kwanza, alikuwa anasoma naye kwa midomo, na palipo pagumu alifunga macho kama anayemwombea. Emérita alilia waziwazi, hakujali, akafuta pua kwa kitambaa cha kichwa. Kila neno alilolisikia lilikuwa limetoka kwenye karatasi.

Nje, shangazi alimwambia kaka yake: "Njo wa kwanza yenyewe ule? Anasoma mbona kama anabeba mawe?"

Habineza akamtazama kwa huruma ya baba wa msomi. "Wewe unajua nini? Ile ni kusoma ya darasa la heshima. Bale ba kawaida njo banakimbizaka." Akavaa kofia yake. "Tafuta mwingine wa sahani."

Shangazi akarudi Omate peke yake, na safari hii Emérita hakuhitaji kumfuata mtu hadi mdomoni mwa shimo.

Jumatatu mchana, darasa lilipokwisha, Uwingabire alibaki kupanga vifuniko. Sasa alikuwa anasoma kila kitu kilichokaa mbele yake, ugonjwa wa wanaoanza, kuanzia kiberiti hadi gunia la mbolea. Kitabu cha maandalizi kilikuwa wazi mezani, na Emérita alikuwa anafuta ubao, mgongo umegeuka. Alisikia sauti nyuma yake, polepole, kidole kikiburuzwa kwenye karatasi:

"Ka-diri he-sabu i-navyo-panda..."

Alikigeukia kile kipande cha mkasi wa Direkta akiwa amechelewa. Mtoto alikuwa ameshafika mwisho, akakirudia chote tangu mwanzo, bila kukwama hata mahali pamoja. Kisha kidole chake kikarudi kwenye neno lile la hesabu.

"Hesabu yangu njo ilikuwa kubwa kupita ya bote."

"Njo vile."

"Basi nilikuwa wa mwisho."

Emérita alikuwa amewajibu madirekta, wanasaikolojia na wenye malori. Sasa akaja kukaa benchini kando ya mtoto. "Ulikuwa ule anahitaji kusaidiwa mbele ya bote," akasema, na hata yeye akasikia jinsi jibu lilivyo dogo.

"Na ulijua? Siku ya poda?"

"Nilijua."

Uwingabire akakitazama kile kipande tena. Hakulia. Alipitisha mkono kichwani taratibu, pale ambapo poda ilikuwa imemwagwa, kama anayeangalia kama bado ipo.

"Papa anasomaka majina tu," akasema. "Mama hajui kabisa. Nitamufundisha." Akakikunja, akakirudisha ndani ya kitabu na kukifunga. "Lakini hii karatasi, Mwalimu, tutamusomesha ya mwisho kabisa."